Kukodi Ndege ya Safari ya Kazi Kutoka Lamu: Mwongozo wa Anayeanza

Maswali ni yale yale. Mwenye hoteli wa Shela anauliza, mkandarasi wa bandarini Kililana anauliza, mnunuzi wa kamba na kaa wa Kizingitini anauliza: ndege ya kukodi ni ya matajiri peke yao? Bei yake hupangwaje? Nitamtambuaje mwenye kampuni ya kweli nisije nikaangukia kwa tapeli? Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja. Sasa nayaweka yote hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili ukimaliza kusoma uweze kukodi bila kushikwa mkono na mtu.

Jambo moja nitalirudia humu: unachonunua ni saa. Kama hujui safari hii itakuokolea saa ngapi, na saa hizo zina thamani gani kwako, bado hujawa tayari kupiga simu.

Kwanza, je, unaihitaji?

Ukiwa peke yako, au mko wawili, na mnakwenda Nairobi tu, pandeni ndege ya ratiba. Nasema wazi kwa sababu dalali hatakwambia. Ndege za ratiba zinatua Manda, uwanja wetu wa Lamu, na nauli yake ni sehemu ndogo ya bei ya kukodi.

Ndege ya kukodi huanza kulipa mnapokuwa kikundi cha watu sita na kuendelea, au mnapotaka kwenda na kurudi siku moja. Ratiba za kawaida za Lamu mara nyingi zimepangwa kumfaa mtalii, anayekuja kulala. Zimfae mtu wa Lamu anayetaka kufanya mkutano Nairobi asubuhi na kurudi kula futari nyumbani? Ni nadra.

Lakini faida kubwa kuliko zote iko kwenye safari ya vituo vingi. Tuseme una wateja Malindi na Diani, na unataka kuwaona wote siku moja. Kwa barabara, kutoka Mokowe hadi Mombasa peke yake ni zaidi ya kilomita 300 kupitia Garsen na Malindi, na Diani iko mbele zaidi, ng'ambo ya Likoni. Huo ni mwendo wa siku nzima kabla hujasalimiana na mtu. Kwa ndege ndogo ya rafadha, Manda hadi Malindi ni kama dakika 35, Malindi hadi Ukunda, uwanja wa Diani, nusu saa na kidogo, na Ukunda kurudi Manda kama saa moja. Unaruka saa mbili na kitu, na saa zote zilizobaki ni za kazi. Hakuna tiketi ya ratiba itakayokufanyia hivyo.

Kisha kuna uhuru wa kusubiriwa. Mkutano ukirefuka kwa nusu saa, simu moja kwa rubani inatosha, kwa sharti kwamba mlikubaliana mapema na jua halijawa karibu kuzama. Pia Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, iko kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji, karibu zaidi kuliko Jomo Kenyatta.

Sasa hesabu. Chukua karatasi, andika bei yote ya kukodi, igawe kwa idadi ya wasafiri. Upande wa pili andika nauli ya ratiba kwenda na kurudi, malazi, chakula na teksi za mtu mmoja, kisha thamani ya siku za kazi atakazozikosa. Nakupa mfano ambao tarakimu zake ni za kufundishia tu, usizichukue kama bei ya soko. Kukodi kwa siku moja ni shilingi 700,000. Mko tisa, kwa hiyo kila mmoja ni karibu 77,800. Kwa ratiba, kila mmoja atatumia 65,000 na kukosa kazi siku mbili. Tofauti ni kama 12,800. Ikiwa siku mbili za mhandisi wako zina thamani kubwa kuliko hiyo, kodi ndege. Mkiwa watatu, kila mmoja atabeba zaidi ya 233,000, na hapo jibu liko wazi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tarehe, na tarehe ya akiba ikiwezekana.
- Majina ya wasafiri wote kama yalivyo kwenye kitambulisho. Watoto wawe na vyeti vya kuzaliwa.
- Uzito wa kweli wa kila msafiri, na uzito wa mizigo.
- Saa ya mkutano na mahali ulipo.
- Jina la kampuni yako na PIN yake ya KRA, kwa ajili ya ankara.
- Mtu mmoja, mmoja tu, atakayezungumza na kampuni ya ndege.

Hilo la mwisho watu hulidharau. Watu watatu wakipiga simu kwa kampuni moja wakitoa saa tatu tofauti, siku ya safari mtakuwa na ndege Manda na abiria bado wako Shela.

Hatua ya 1: Panga siku yako kuanzia mwisho kurudi mwanzo

Hapa ndipo safari nyingi hushinda au hushindwa, kwa hiyo kaa nayo.

Anza na saa ya mkutano. Tuseme ni saa nne asubuhi, Upper Hill, Nairobi. Ili uwe salama na foleni ya Lang'ata, ndege iwe imetua Wilson kufikia saa tatu na robo hivi. Kwa Caravan, ndege ndogo ya injini moja, Manda hadi Wilson ni karibu saa moja na dakika 40, basi iondoke Manda saa moja na nusu. Hadi hapo kila kitu kinaonekana sawa.

Lakini jiulize: ndege hiyo inatoka wapi? Kampuni nyingi ziko Wilson. Caravan ikiondoka Wilson saa kumi na mbili na nusu alfajiri, itafika Manda kama saa mbili na dakika kumi. Mkipanda upesi na kuondoka saa mbili na dakika 35, mtatua Wilson saa nne na robo. Mkutano umeshaanza. Una njia tatu: ndege ije jioni ya kuamkia na kulala Manda, nawe ulipie malazi ya marubani na maegesho, au uchukue ndege ya kasi zaidi kama Pilatus PC-12, ambayo kwa kuondoka Wilson muda ule ule inaweza kukufikisha huko kama saa tatu na dakika tano, au usogeze mkutano hadi saa tano. Mara nyingi ya tatu haigharimu kitu, na ni wachache wanaofikiria kuiomba.

Ongeza bahari. Uwanja uko kisiwa cha Manda na kutoka mjini Lamu unavuka kwa boti kwa dakika 10 hadi 15. Wakati wa kusi, hasa Juni na Julai, mkondo huchafuka, kwa hiyo weka muda zaidi na funika mabegi. Anayetoka Faza, Siyu au Kizingitini ana hesabu nyingine kabisa: mkondo wa Mkanda haupitiki vizuri maji yakiwa yamekupwa, na maji husogea kwa karibu dakika 50 kila siku. Kama bamvua linaangukia siku yako, muulize nahodha kwanza, kampuni ya ndege baadaye. Nimeona vikundi vilivyopanga kila kitu cha angani vikikwama mchangani ndani ya boti. Kama maji yanagoma, njoo ulale mjini Lamu usiku wa kuamkia safari.

Sasa upande wa kurudi. Jua la Lamu huzama kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na dakika 40 jioni, mwaka mzima, na huzama kama robo saa kabla ya Nairobi kwa kuwa tuko mashariki zaidi. Panga ndege itue Manda mchana. Kwa Caravan maana yake ni kuondoka Wilson kabla ya saa kumi alasiri. Mkutano wenu ukiisha saa kumi na moja, safari ya siku moja imekufa. Ijue mapema.

Siku ya Ijumaa acha nafasi ya sala. Ramadhani, waambie wenye ndege mnataka kuwa nyumbani kabla ya adhana ya magharibi, wao wenyewe watarudisha saa nyuma.

Onyo kuhusu saa. Unapoandikia kampuni, tumia tarakimu za saa 24: 09:00, 15:30. Usiandike "saa 3". Anayesoma Nairobi anaweza kuwa mgeni na akaielewa kuwa ni alfajiri au alasiri. Na ukipewa karatasi ya rubani yenye herufi Z baada ya saa, hiyo ni saa ya dunia ya warushaji ndege, iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. 06:00Z ni 09:00 ya Lamu.

Hatua ya 2: Pima watu na mizigo

Pima, usikisie. Ndege ndogo hubeba uzito maalumu, na uzito huo unagawanywa kati ya mafuta, watu na mizigo. Ukiongeza kimoja, kingine kinapungua. Viti kumi na viwili havimaanishi watu kumi na wawili wenye masanduku.

Wilson iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, injini na mabawa hufanya kazi kwa shida zaidi kuliko hapa pwani, na joto la mchana huzidisha. Ndiyo maana mzigo ulioruka vizuri kutoka Manda asubuhi unaweza kukataliwa Wilson alasiri. Kama mnarudi na vifaa mlivyonunua Nairobi, taja uzito wake tangu sasa.

Wasafiri wengine huona haya kusema uzito wao. Mwambie kila mtu akutumie yeye mwenyewe kwa ujumbe wa siri. Rubani hataki kumchekelea mtu, anataka ndege iliyosawazika.

Mabegi yawe laini. Sanduku gumu la magurudumu haliingii vizuri katika sehemu ya mizigo ya Caravan.

Hatua ya 3: Chagua aina ya ndege

Kwa safari za Lamu utatajiwa aina tatu mara kwa mara.

Cessna Caravan ina injini moja, hubeba hadi abiria kumi na wawili hivi, na ndiyo nafuu kwa kila kiti. Inatua kwenye viwanja vifupi, hata vya murram. Ila haina choo, na ina kelele. Wanaopanga kufanya kikao cha siri humo angani watapiga kelele wasisikilizane. Tena haipandi juu ya mawingu makubwa, inayazunguka au inasubiri. Kwa mzunguko wa Malindi na Diani, ndiyo ninayoipendekeza.

Pilatus PC-12 nayo ina injini moja, lakini hewa ya ndani hudhibitiwa, kwa hiyo hupaa juu zaidi ya mawingu na mtikisiko. Abiria sita hadi tisa, na Nairobi ni kama saa moja. Watu wanaweza kuzungumza ndani bila kupaza sauti. Kwa kikundi cha watu saba chenye mkutano wa asubuhi, hii ndiyo ndege ya kazi.

Beechcraft King Air ina injini mbili na hubeba saba hadi tisa. Bei yake huwa juu. Sababu ya kuichagua mara nyingi ni sera: mashirika na benki nyingine hawaruhusu wafanyakazi wao kupanda ndege ya injini moja. Ukimwalika mgeni wa aina hiyo, muulize kabla, asije akafika uwanjani akakataa kupanda.

Vipi jeti? Kutoka Manda hadi Wilson ni kama kilomita 465 kwa mstari ulionyooka. Umbali huo ni mfupi mno kwa kasi ya jeti kuonekana. Iache mpaka siku mtakapokwenda Addis Ababa au Johannesburg.

Hatua ya 4: Omba bei kwa maandishi, kampuni tatu

Watumie wote maelezo yale yale, neno kwa neno, ili ulinganishe sawa na sawa. Kisha soma kilicho ndani ya bei. Ukipiga simu tu utapewa tarakimu nzuri, ya kweli itakuja baadaye.

Kinachowashangaza wengi ni ile safari tupu. Unapokodi boti ya kwenda Kiwayu na kubaki huko, nahodha anakutoza na mafuta ya kurudi mwenyewe, na ndege ni hivyo hivyo. Ikitoka Wilson tupu kuja kukuchukua, umelipa. Ikikushusha Wilson na safari yako imeishia hapo, angalau ilishafika nyumbani. Ndiyo maana mtu wa Lamu anayekwenda na kurudi siku moja anaweza kulipia miguu minne: kuja tupu, kwenda, kurudi, na kurudi tupu Wilson. Uliza wazi: "Bei hii ina miguu mingapi?"

Mengine ya kuuliza kwenye karatasi hiyo: ada za kutua na maegesho, ada ya abiria, malazi na posho ya marubani kama wanalala, VAT imo au haimo, muda wa kusubiri bure ni saa ngapi na baada ya hapo wanatoza nini, na je, bei itapanda mafuta yakipanda. Bei ikiwa kwa dola, uliza watatumia kiwango kipi cha kubadilisha na cha siku gani.

Nafasi ya kuokoa ipo hapa hapa. Msimu wa watalii, Desemba, Pasaka na Agosti, ndege hushusha wageni Manda na kurudi Wilson zikiwa hazina mtu. Mguu huo tupu huuzwa kwa bei ya chini sana. Waambie kampuni zote: "Nina watu sita wa kwenda Nairobi wiki hiyo, siku yoyote, mkipata mguu tupu nijulisheni." Ubaya wake ni kwamba mteja wa kwanza akibadili siku, na wewe umebadilishiwa. Usiutumie kwa mkutano usioweza kusogezwa.

Hatua ya 5: Kagua karatasi kabla ya kutoa hata shilingi

Soma hatua hii mara mbili.

Kuna wenye ndege zao binafsi ambao hukubali kukurusha "kwa kuchangia mafuta". Ndege ni nzuri, rubani ni mcheshi, na bei iko chini. Lakini kubeba abiria kwa malipo nchini Kenya kunahitaji cheti cha mwendeshaji, kile ambacho Wilson wanakiita AOC, pamoja na leseni ya huduma za anga, vyote kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Asiyekuwa navyo hafanyiwi ukaguzi unaomhusu anayebeba abiria, na ajali ikitokea kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa. Familia zenu zitabaki na nini? Usipande. Usimpandishe mfanyakazi wako.

Omba nakala za hivi:

- AOC, na utazame tarehe ya mwisho na kama aina ya ndege yenu imetajwa humo.
- Leseni ya huduma za anga.
- Cheti cha bima chenye namba ya usajili wa ndege itakayokuja. Ndege za Kenya huanza na 5Y, za Tanzania 5H, za Uganda 5X.
- Uthibitisho kwamba kutakuwa na marubani wawili, hata kama ndege inaweza kurushwa na mmoja. Hilo ni sharti langu, lifanye liwe lako.

Kampuni ya kweli hutuma karatasi hizi bila kununa. Anayesema "tutakuonyesha siku ya safari" mshukuru na uendelee na mwingine. Kama una shaka, wasiliana na KCAA uulize kama kampuni hiyo ina leseni hai.

Ukitumia dalali, si kosa, wapo wazuri na wanajua miguu mitupu iko wapi. Ila mtake akutajie jina la kampuni inayorusha kabla ya kulipa, na ukague karatasi za kampuni hiyo. Jina la dalali haliko ubavuni mwa ndege.

Hatua ya 6: Mkataba na malipo

Lipa kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni, lile lile lililo kwenye AOC. M-Pesa ina kikomo cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, na matapeli hutumia kikomo hicho kukuambia ugawanye malipo kwenye namba mbili tatu za watu binafsi. Ukisikia hivyo, funga simu.

Kwenye mkataba tafuta vipengele vinne: nini hutokea hali ya hewa ikizuia, nini hutokea ndege ikiharibika na ya badala iwe ya aina gani, wewe ukiahirisha unakatwa kiasi gani na kwa siku ngapi kabla, na nani analipa kikundi chako kikichelewa. Kama kimojawapo hakimo, omba kiandikwe.

Ankara iwe na jina na PIN ya kampuni yako. Zungumza na mhasibu wako kuhusu eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kabla ya kulipa, kwa sababu baada ya kulipa hakuna anayekuwa na haraka ya kurekebisha karatasi.

Hatua ya 7: Tuma orodha ya abiria, na sema ukweli kuhusu mizigo

Majina, namba za vitambulisho, uzito. Kisha mizigo, na hapa watu wetu wana mambo yao.

Samaki, kamba na kaa hubebwa, lakini maji ya chumvi yakivuja yanakula bati la ndege na nyaya zake. Weka kwenye masanduku yasiyovuja, mfuko ndani ya mfuko, na utangaze mapema. Barafu kavu ni mzigo wa hatari, haipandi bila ruhusa.

Mashine ya boti iliyowahi kutumika ina mabaki ya petroli hata kama umeimwaga. Nayo itangaze. Mitungi ya gesi, mitungi ya kuzamia, rangi na vimumunyisho, vyote ulizia. Pawabenki na betri za lithiamu zikae nawe kwenye kiti, zisiwekwe sehemu ya mizigo. Isiyozidi Wh 100 (kipimo cha nishati ya betri) haina shida, kati ya 100 na 160 inataka idhini ya kampuni.

Kama mnakwenda Zanzibar au Dar es Salaam, jua kwamba Manda si uwanja wa kutokea nchini. Ndege itapitia uwanja wenye uhamiaji na forodha, kwa mfano Moi wa Mombasa, kwa hiyo ongeza muda na ada, na kila mtu awe na pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Hatua ya 8: Siku moja kabla

Piga simu mchana, si usiku. Thibitisha namba ya usajili wa ndege, na kama imebadilika tangu walipokutumia bima, omba cheti cha hiyo mpya. Chukua namba ya simu ya rubani au ya afisa wa zamu. Muulize hali ya hewa ya Wilson na ya Manda, zote mbili. Mpe nahodha wa boti saa na mahali, na awepo wa akiba.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Fikeni gati la Manda nusu saa kabla ya kuondoka. Vitambulisho mkononi. Kwa Caravan, pitieni msalani uwanjani. Msikaribie ndege rafadha ikiwa bado inazunguka, na msitembee mbele yake hata kama imesimama. Rubani akiwapanga viti upya, kaeni alipowaweka, anasawazisha uzito. Kwenye mkutano, mmoja wenu awe na kazi ya kutazama saa na kumpigia rubani saa moja kabla ya kurudi.

Yakienda mrama

*Ndege imechelewa kutoka Wilson asubuhi.* Kati ya Juni na Agosti mawingu ya chini hulalia Nairobi alfajiri na mara nyingi huinuka jua likishika. Msianze kugombana. Pigia mnaokutana nao mara moja, omba saa moja ya ziada. Kwa miezi hiyo, usiweke mkutano kabla ya saa tano.

*Imekuja ndege tofauti na mliyolipia.* Uliza namba ya usajili, omba cheti chake cha bima papo hapo kwa simu. Kikiwepo na ndege ni ya aina ile ile au bora, pandeni. Kisipokuwepo, msipande, na muandike ujumbe kwa kampuni hapo hapo ukisema sababu.

*Uzito umezidi.* Shusheni mizigo kwanza. Mkabidhini boti au hoteli, ifuate na ndege ya ratiba kesho yake. Mkimficha rubani kilo ishirini, mnajidanganya wenyewe mkiwa hewani.

*Abiria mmoja hajafika.* Amueni mapema, siku moja kabla, mtamsubiri dakika ngapi. Nashauri 20. Kila dakika mnayosubiri asubuhi inatoka kwenye mwanga wa jioni.

*Kampuni inadai pesa zaidi baada ya safari.* Rudi kwenye karatasi ya Hatua ya 4. Muda wa kusubiri uliozidi ni halali ikiwa uliandikwa. "Mafuta yamepanda" bila kipengele cha mkataba si halali, na uandike barua ya kukataa badala ya kubishana kwa simu.

*Mkutano umechelewa na jua linakwenda.* Mpigie rubani, muulize saa ya mwisho anayoweza kuondoka, kisha usimbembeleze aisogeze. Ana saa zake za kazi kisheria, ana uwanja wa kutua unaohitaji mwanga, na ana ninyi nyuma yake. Akisema haiwezekani, tafuteni vyumba Nairobi, ulizeni malazi ya marubani ni kiasi gani kwa mujibu wa mkataba, na mwambieni nahodha wa Manda aje kesho saa mbili asubuhi badala ya leo.